Mama Anayemwagilia Mawe

Saa moja asubuhi, mashine ya kusaga kokoto bado kimya, mama mmoja mwenye buti kubwa kuliko miguu yake anaburuta mpira wa maji juu ya lundo jeusi. Anamwagilia mawe.

Ni mavi ya chuma, mabaki yanayoenguliwa chuma kinapoyeyushwa. Zamani yalitupwa bondeni. Siku hizi kiwanda huyasaga yakawa kokoto za zege la nondo, lakini kwanza hulowa miezi sita, mpaka chokaa iliyo ndani imalize kuvimba.

Wenzake wanamwita Bibi Bustani. Wifi yake kila wakikutana humuuliza mawe yataota lini.

Kuvimba huko alikujua nyumbani kwake mwenyewe. Miaka minane iliyopita, akiwa mgeni kazini, aliomba ndoo nane za kokoto zilizotoka tanurini juzi yake, akajengea kizingiti. Mvua zilipoanza, zege likavimba na mlango ukagoma kufunguka.

“Tulitokea dirishani siku mbili,” anasema. “Na mzee wangu ni mnene.”

Mlango ulikatwa chini vidole viwili. Kizingiti hajakibomoa, kila msimamizi mpya humpeleka akione.

Wa sasa hakuwa na muda wa kwenda. Mwezi uliopita alileta malori achukue lundo la miezi minne kwa nguzo za wodi ya wazazi. Mama akakaa chini mbele ya lundo. Akaambiwa mmwagiliaji hafundishi ujenzi, na kwamba malori yakitoka matupu, na yeye atafuata getini.

Aliomba siku mbili tu. Alichanganya kokoto za lundo lile na saruji, akafinyanga vipande vitatu ukubwa wa mche wa sabuni. Vilipokauka akavichemsha kwenye sufuria kuukuu, asubuhi hadi mchana, maji ya moto yaharakishe kuvimba kwa miezi. Viwili vilipasuka katikati. Alivipanga juu ya meza ya msimamizi, akarudi kwenye mpira wake.

“Ningesimamisha nguzo zile ziwaangukie wajawazito,” anasema msimamizi, sauti imeshuka. “Sasa bila Bibi kusema ndiyo, lori haliwashwi.”

Lundo limebakiza wiki tatu. Mama ameshaweka oda: likiiva, ndoo nane ni zake, avunje kile kizingiti, ajenge kingine kwa kokoto zilezile za wodi.

“Mzee wangu amejikwaa pale miaka minane,” anasema, akigeuzia maji kona iliyokauka. “Imetosha.”