Viazi vya Mahenge

Theodosia alikuwa na miaka hamsini na minane mwaka ule mpunga ulipokataa kubeba. Mabomu ya nyuklia yalianguka mbali, kaskazini mwa dunia, kwa siku tatu tu za Januari, lakini moshi wake ulitanda hadi bonde la Kilombero, jua likafifia, na watu wa Lumemo wakavaa masweta mchana wa Machi. Masuke yalitoka vizuri, ila ukiyafikicha unakuta mapepe matupu.

Jirani yake, Mwalimu Anselim, mstaafu, alikuwa na redio ya mawimbi mafupi. Stesheni za nje zilizimika moja moja mpaka ikabaki kukoroma. Jumapili moja baada ya misa alisimama nje ya kanisa.

"Jamani, tusidanganyane. Binadamu ndiyo anakwisha. Tugawane kilichobaki ghalani, tuombe, tuagane."

Wengine walikwisha kukoboa hata mbegu. Theodosia naye alikuwa na sababu ya kukata tamaa kuliko wengi, maana binti yake Oliva alikuwa akisomea uuguzi Ulaya, na tangu Januari simu yake haikupatikana tena. Hata hivyo alisogea mbele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Oliva."

"Baridi hii unayoiogopa, mimi nimezaliwa ndani yake. Kwetu Mahenge, milimani, tulitetemeka hivi hivi kila Juni, na tulishiba. Uliokufa ni mpunga. Sisi bado."

"Tutakula nini?"

"Viazi mviringo. Njegere. Kabichi. Vile vyakula mlivyokuwa mkinicheka nikivitaja."

Kesho yake alfajiri alikwenda kwa Nyamizi, mama wa Kisukuma aliyekuwa na maksai na mkokoteni, kumwomba waende Mahenge kuchukua mbegu.

"Na tukikuta huko nako hakuna kitu?" Nyamizi aliuliza huku akiwafunga ng'ombe nira.

"Tutarudi na kuni."

Walivuka daraja la mto Kilombero, wakapanda milima kwa siku nne. Huko Mahenge, Damiani, mdogo wake Theodosia, aliwapokea amejifunga blanketi. Stoo yake ilijaa viazi vya mbegu vilivyoanza kuchipua, lakini shambani alikuwa amepanda matuta mawili tu.

"Yananitosha mimi, dada. Nimlimie nani zaidi? Nasikia dunia imekwisha."

Theodosia aliokota kiazi kimoja chenye vichipukizi vya zambarau, akamwekea mdogo wake kiganjani.

"Hiki hakijasikia. Haya, shika gunia."

Walirudi Lumemo na magunia saba. Theodosia aliwafundisha majirani kukata viazi, kila kipande na jicho lake, kuviacha vikauke, kisha kuvifukia kwenye matuta marefu visioze. Siku ya pili Mwalimu Anselim alitokea na jembe begani.

"Nionyeshe," alisema.

"Jicho litazame juu, Mwalimu. Siyo hivyo. Juu!"

Kwenye tuta la tano Theodosia alimkumbuka Oliva, alivyokuwa akichukia matope kwenye kucha. Akaketi mferejini akalia. Nyamizi alihamia tuta la Theodosia, akalilima mpaka mwenzake aliposimama mwenyewe na kudai jembe.

Miezi mitatu baadaye walichimbua. Vya matuta ya chini, kwenye majimaji, vilikuwa vimeoza. Vya matuta ya juu vilikuwa vidogo, vingi saizi ya yai la kuku, lakini vilikuwa viazi. Theodosia aliagiza kila nyumba itenge mbegu kwanza, ndipo ipike. Mchana huo Anselim alikula vinne na maganda yake, akaomba daftari aandike namna ya kupanda, ili watu wa kijiji cha Namawala wasomewe.

Msimu uliofuata watu wa kijiji cha Mbingu waliomba mwalimu wa viazi, Theodosia akaenda. Nyamizi alimkuta huko, kasimama juu ya tuta na kanga kiunoni, akimkaripia mwenyekiti wa kijiji kwa kupanda vipande vibichi.