Mkeka wa Bi Yumiko

Nna kosa, jamaa zangu, na asije mtu kunambia ni dogo. Nilimdanganya mama wa watu, akaondoka Maskati huku akiniombea dua!

Nimeshapita arobaini. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa huku mdogo, kisha nikahangaika Doha, Dubai, Dar, nikarudi. Popote nilipo, roho iko kwengine. Hata kikundi cha kujifunza Kijapani hapa mtaa wa Khuwair nilijiunga kwa sababu nilidhani huko nako nitahamia.

Mwalimu wetu, Bi Yumiko, ni Mjapani aliyeolewa na mtu wa kwetu. Kiswahili alifundishwa na mama mkwe wake, basi akikugombeza unacheka: "Wewe mwana, umekalia siafu?"

Kila mwaka, kabla joto halijaanza, kikundi hufanya mandari ya maua. Kwao watu hukaa chini ya miti ya cheri inapochanua. Hapa cheri hakuna, tunakwenda bustani moja ya Madinat Sultan Qaboos, kwenye mti wa maua ya pinki. Desturi ni hii: mmoja hutangulia asubuhi, akatandika, akakaa pale pale mpaka wenzake wafike. Haachi viatu akenda zake. Anakaa yeye.

Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, na mkeka ulikuwa wake, wa ukindu, kautoa Pemba. Mwaka huu Bi Yumiko alikuwa anarudi Japani moja kwa moja, kuishi na dada yake. Akanikabidhi mimi.

"Nataka nikae alipokuwa akikaa yeye, mara moja tu, halafu nifunge mizigo. Usibanduke, mwanangu."

"Sibanduki, Bi Yumiko."

Nilitandika jua halijapanda. Saa mbili akanipigia Khalfan, rafiki yangu anayekaa mtaa wa Hail.

"Yakhe, mjomba kaja jana kutoka Unguja, na samaki wa ng'onda na mkate wa kumimina. Anatuhadithia mambo ya mtaa wenu wa huko, mbavu hatuna! Njoo!"

"Nna zamu."

"Zamu ya nini, umekuwa askari? Kunywa chai urudi!"

Nikaacha chupa ya chai na kofia yangu juu ya mkeka, nikenda. Kumbe yule mjomba alimjua baba yangu! Akanielezea alivyokuwa akiimba huku ananyoa ndevu. Mimi baba alinifia sijamjua vizuri. Saa nikaisahau.

Niliporudi ilikuwa saa nne na nusu. Chini ya mti kuna familia nyengine, na jiko lao la kuchomea nyama linafuka moshi. Walisema walikuta pako wazi, hapana kitu. Nilipekua mapipa yote ya bustani. Mkeka hakuna!

Bi Yumiko akafika na wenzetu, amebeba vyakula alivyoamka kuvipika. Akautazama mti, akanitazama mimi.

"Mkeka uko wapi?"

Ulimi wangu huu! Nikamwambia: "Nilikwenda msikitini mara moja kusali Dhuha. Kurudi, umeshachukuliwa."

Akanishika bega. "Usilie, mwanangu. Ulikwenda kwa Mola wako. Hata yeye angekwenda."

Yeye, yaani mumewe. Ya Rabbi, nilitamani ardhi inimeze!

Tulikaa karibu na maegesho ya magari, juu ya turubai. Hakula. Alikuwa akiwatazama wale watu wanavyogeuza nyama chini ya mti wake.

Wiki ile ile akasafiri. Nilimpeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Njia nzima tuko wawili, ananiombea dua, na sikusema! Sasa hunitumia ujumbe wa sauti: "Ukiupata mkeka usinitumie. Kaa nao, usali juu yake." Nasikiliza, nazima simu. Sijamjibu hata mmoja.

Wenzangu, ukiambiwa kaa, kaa. Na ukishabanduka, sema nimebanduka, siku ile ile, uso kwa uso. Angenigombeza, labda asingenisemesha tena, lakini angejua. Mimi nimesamehewa kosa ambalo silo nililofanya. Langu bado ninalo.