Babu Niliyemkosea Sura

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilichora mikono tu. Mwalimu aliamini kwamba asiyeweza mkono asijisumbue na uso. Siku moja akapita nyuma yangu, akaiinamia karatasi, akauliza kwa upole, "Hizi ndizi ni za kupika au za kuivisha?" Darasa zima likacheka. Nikaona nimeonewa, maana watu wa kwetu walioshika jembe tangu utoto vidole vyao ndivyo vilivyo.

Nyumbani habari hizo hazikufika. Kwa ukoo mimi nilikuwa msanii, basi. Ilipokaribia ibada ya kumkumbuka babu, mwaka mmoja baada ya maziko, kikao kikaamua nimchore. Babu hakupenda kupigwa picha. Aliyoiacha ni ya kitambulisho tu, na humo amekunja uso kama anayetaka kupiga chafya.

Nilimchorea uani kwa shangazi, mtaa wa Daraja Mbili, kwa rangi zilizobaki alipopaka geti. Ndiyo maana koti la babu lilikuwa la bluu ile ya geti. Uso ulinishinda. Nilijaribu kukumbuka mdomo, nikakumbuka matusi. Mwishowe nikachora mzee yeyote mwenye heshima na tai, nikajisifu.

Ibada ilifanyika kijijini kwa bibi, juu ya Kikatiti, katikati ya migomba. Shuka lililoifunika picha likavutwa. Bibi akaangua kilio, kina mama wakamshika, kwaya ikapandisha sauti. Nami nikalengwalengwa na machozi: sanaa yangu imemliza mtu! Kisha mchungaji akasogea kuomba, akasimama kando ya picha. Kwaya ikaanza kufifia, sauti moja moja. Kidevu kile, paji lile, hata upara, vyote vilikuwa vya mchungaji. Yeye ndiye mzee mwenye tai niliyekuwa nikimkodolea macho kila Jumapili tangu nikiwa mdogo.

Bibi akafuta machozi. Akamtazama mchungaji, akaitazama picha.

"Mungu anisamehe," akasema, na bibi hajui kunong'ona, "nimemlilia mume wa mtu."

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa mchungaji. Mchungaji mwenyewe aliiomba ile picha, akaondoka nayo kwapani.

Mwaka wa pili tukafundishwa kuunda vitu kwa kompyuta, vile unavyoweza kuvigeuza pande zote kwenye skrini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kikombe chenye mkono wa kushikia kwa ndani. Ya pili, ng'ombe aliyedondoka miguu kila nilipomgeuza. Ya tatu nikaamua iwe babu. Safari hii sikuiamini kumbukumbu yangu. Nikabeba laptop hadi kwa bibi, nikamwekea mezani kichwa cha kijivu kisicho na nywele wala macho.

"Nini hiki, yai?"

"Ni babu. Niambie nirekebishe wapi."

Akavuta kigoda. "Pua ipanue. Ongeza. Usimwonee huruma, mjukuu wangu, ile pua ilikuwa ikiingia ndani kabla yake. Sikio la kushoto likunje, aliumwa na punda."

"Na mdomo?"

"Mdomo ufunge. Miaka yote ile nilikuwa nasubiri."

Chai ikapoa. Kadiri babu alivyozidi kuwa mbaya ndivyo alivyozidi kuwa babu, lakini bibi bado alikuwa akitikisa kichwa. Nikakosea kubonyeza, kichwa kikazunguka, kikatupa kisogo.

"Acha hapo hapo," bibi akasema.

"Huku ni nyuma, bibi. Hata sijapafanyia kazi."

"Naona. Sokoni, kanisani, msibani, yeye mbele mimi nyuma. Uso nilikuwa nauona akila tu." Akanyoosha kidole bila kuigusa skrini. "Hapa shingoni kulikuwa na mikunjo. Miwili."

Nikaiweka. Bibi akasogeza kigoda mbele.

"Mwambie apunguze mwendo," akasema.

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa akitania. Nikamsogelea, tukakitazama kisogo kile mpaka betri ikaisha.

Siku ya kuwasilisha kazi chuoni nilionyesha kisogo. Mwalimu akazunguka meza, akauliza uso uko wapi. Nikamjibu kwamba mwenyewe ametangulia. Akanipa alama za kupita, basi.