Hotuba Iliyouchukua Uwanja wa Ndakala

Mwezi uliopita nilirudi Kalemie, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika, na harufu ya ndakala ikanipokea kabla ya ndugu zangu. Lakini haikutoka ufukweni. Ilitoka kando ya barabara, ambako akina mama wametandika maturubai na kuanika samaki wadogo hao katikati ya vumbi la pikipiki. Ufukweni, pale tulipokuwa tukianika zamani, pamezungushwa ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Nilisimama pale nikajiona mtoto tena, na mwizi. Ngoja nikueleze kwa nini.

Mimi na bibi tulikuwa tukifagia mchanga ule alfajiri, kabla jua halijatoka ziwani. Mitumbwi ikifika, tulimwaga ndakala juu ya nyavu kuukuu tukawatawanya kwa viganja. Nilifukuza kunguru, nikageuza samaki, nikakimbia shule na magamba vidoleni. Wenzangu waliziba pua. Mwalimu wetu wa mwaka wa sita hakuziba. Alisema kwa Kiswahili cha kwetu, "Huyu njo mwenye sauti." Nikampenda kwa hilo tu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kushawishi watu. Ni ufundi wenye zana chache, wala si ngumu; hata wewe utaziweza. Sema "sisi", usiseme "ninyi", ili msikilizaji ajione yuko upande wako. Jambo kubwa liseme mara tatu. Taja kile watu wanachokipenda kabla hujataja unachotaka wakuachie. Na uliza maswali yasiyongoja jibu: "Nani kati yetu hapendi mutoto wake asome?" Kisha nyamaza kidogo. Kila mtu atajijibu mwenyewe moyoni, na atadhani wazo ni lake.

Baadaye akanipa hotuba, akisema ni ya mazoezi. Tujifanye tunawaomba akina mama watoe uwanja wa ndakala ili shule ijengwe pale. "Na bibi yako akiuliza ataanika wapi?" alinijaribu. Akanipa jibu, tukalirudia mpaka nikaweza kulitoa nikitabasamu.

Siku ya mkutano wa wazazi niliitwa mbele. Walikuwapo wageni wawili wenye viatu safi. Nikadhani wamekuja kutoa zawadi. Nilisema "sisi". Nilisema "watoto wetu" mara tatu. Niliuliza, nikanyamaza. Akina mama walipiga vigelegele, na jirani yetu akapaza sauti: "Mama, kumbe unalea depite wa kwenda bungeni! Na sisi tunamuachia kufukuza kunguru!" Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Halafu akanyoosha mkono.

"Mi nauliza tu, mutoto wangu. Ndakala tutaanikia wapi?"

Nikatabasamu. "Bibi, ndakala atangojea jua la kesho. Mutoto, nani atamungojea?"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Bibi alishusha mkono. Karatasi ya kuutoa uwanja ilipoletwa, alikuwa wa kwanza kuweka kidole gumba.

Shule haikujengwa. Ulijengwa ukuta, ikafuata bohari ya saruji ya wale wageni wawili, na mwalimu akaacha chaki akawa mkuu wa bohari. Nilimfuata getini. "Mwalimu, ulisemaka njo mazoezi." Hakukasirika. Alinipigapiga begani: "Na ulifanya vizuri sana." Nilikuwa nimefika nyumbani ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nimedai jibu, nikapewa sifa.

Bibi hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mpaka alipofariki, kila mgeni aliambiwa jinsi mjukuu wake alivyosema siku ile, nami nikiinamia sahani ya bukari, ule ugali wetu. Leo ni mwalimu mimi pia. Nafundisha zana zilezile, polepole, mpaka wa mwisho darasani azitambue akizisikia. Mimi nilizijua zote, na sikuzitambua zilipotoka kinywani mwangu.

Pale kando ya barabara, mama mmoja alinichotea ndakala kiganjani, akawapuliza vumbi kwanza. Nilipotafuna, kitu kilisagika menoni. Haukuwa mchanga wa ziwa, huo naufahamu; lilikuwa vumbi la barabara. Katika mkutano ule mzima, ni bibi peke yake aliyeuliza kwa kutaka kujua.

Hapa, bibi. Tunaanikia hapa.