Justina Ang'oa Mota

Kharumwa nzima ilimjua Justina kwa kicheko chake. Ukipita njia ya sokoni ukasikia mtu anacheka mpaka anakohoa, ujue umefika kwenye kibaraza anaposhona sare za shule, magauni ya harusi na nguo za kwaya ya parokia. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mwimbaji wa sauti ya pili, na mwili ambao mwenyewe aliuita "baraka za Baba Ritha."

Baba Ritha ni mumewe, Kalisti, fundi wa pampu zinazonyonya maji kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji kule Nyarugusu. Aliondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi, na hakurudi mikono mitupu. Leo maini, wiki ijayo kuku wa kienyeji, wiki nyingine kreti zima la soda. Ndiyo njia yake ya kusema amemkumbuka mkewe, maana kwa mdomo hawezi.

Mwaka ule, karibu na Pasaka, Justina alishona sare mpya za kwaya. Alipima viuno vya watu ishirini na wanane. Cha kwake hakukipima. Alifungua daftari, akachukua vipimo vyake vya mwaka juzi, akakata kitambaa.

Jumapili ya Pasaka, katikati ya wimbo wa Utukufu, kwaya ikiyumba kulia na kushoto, gauni lilipasuka ubavuni. Justina alilisikia kabla hajalihisi. Salome, rafiki yake aliyesimama nyuma, alivua mtandio akamfunga kiunoni huku wote wawili wakiendelea kuimba, na Salome akashindwa kuvumilia, akaangua kicheko ndani ya wimbo. Justina naye akacheka. Walitoka kanisani wameshikana mikono, machozi ya kicheko yakiwatiririka.

Kesho yake, alipokaa peke yake kulishona lile gauni, alilia kweli.

Si kwa ajili ya gauni. Magoti yalikuwa yanamuuma tangu mwaka uliopita na hakumwambia mtu. Kuinuka kitini kulihitaji kushika meza. Kupiga magoti kanisani alikwisha kuacha. Alijifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo mpaka wenzake wainuke.

Wiki hiyo akaenda zahanati. Muuguzi Eunice alimpima presha, akakunja uso, akampima tena.

"Mama Ritha, iko juu. Na haya magoti yanabeba mzigo."

"Najua, dada. Sasa utaniambia nisile."

"Mimi siandiki njaa," Eunice alisema. "Nataka uchague kitu kimoja tu. Kiwe kidogo mpaka uone aibu kukishindwa. Kikizoeleka, njoo tuchague kingine."

Justina alifikiri. Kibarazani alikunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. "Nitatia vitatu," alisema, akijiona ametoa sadaka kubwa.

Wiki ya kwanza chai ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Wiki ya tatu akasahau. Mwezi wa pili akashuka hadi viwili, kisha kimoja, na siku aliyokunywa chai ya jirani yenye sukari nyingi kama yake ya zamani, aliitema.

Kitu cha pili alikibuni mwenyewe. Miaka mitatu nyuma Kalisti alimfungia mota kwenye cherehani ili asichoke miguu. Asubuhi moja Justina alichukua bisibisi, akaing'oa, akaifunga kwenye mfuko wa rambo na kuisukuma chini ya kitanda. Akarudisha mkanda wa zamani, akaanza kukanyaga. Siku ya kwanza miguu iliwaka moto. Wateja wakauliza kama umeme umekatika.

"Upo," alijibu. "Nimekatika mimi."

Baadaye ikaja sahani. Aliacha ile pana ya maua, akaanza kupakua ugali kwenye sahani ya wajukuu, mboga za majani zikichukua nusu. Nyuzi na vifungo, badala ya kumpigia mtu wa bodaboda, akawa anavifuata sokoni kwa miguu. Hakukimbia wala hakufunga. Krismasi alikula pilau kama watu wote, na kuna wiki moja ya huzuni, baada ya kumzika shangazi yake, alimaliza maandazi ya sinia zima peke yake. Alikwenda kwa Eunice akiwa ameinamisha kichwa.

"Umekula jana," Eunice alimwambia. "Leo umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Basi tuendelee."

Mwili ukaanza kupungua polepole, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu mtu akinenepa hakuna anayeuliza, ila akipungua kila mtu ni daktari. Wateja walimtazama shingo. Mmoja alimnong'oneza kuwa siku hizi dawa zipo, asikate tamaa. Maneno yakapanda pikipiki, yakafika Nyarugusu.

Jumatano moja, saa nane mchana, Kalisti akatokea kibarazani. Matope ya duara yalikuwa hayajakauka kwenye buti zake. Justina aliacha kukanyaga.

"Baba Ritha! Leo Jumatano. Kuna nini?"

Kalisti hakukaa. "Niambie wewe. Nimeambiwa mke wangu amekwisha. Unaumwa nini na kwa nini nisikie kwa watu?"

"Siumwi."

"Usinifiche. Jana nimekwisha kuongea na mtu anunue pampu yangu moja, nikupeleke Mwanza kwa madaktari wakubwa." Sauti ikamkatika. Akageuka kuangalia barabarani kama mtu aliyeingiwa na vumbi machoni.

Justina alikuwa ameishi na mwanamume huyu miaka ishirini na sita na hajawahi kumwona hivi. Alitoa tepu shingoni, akajizungushia kiunoni, akamwambia, "Soma."

"Inchi arobaini na mbili."

"Pasaka ya mwaka jana, niliporekebisha lile gauni, ilikuwa arobaini na saba. Nimepunguza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu ya magoti na presha. Kadi ya zahanati hii hapa." Akamweleza yote: sukari, sahani, safari za sokoni.

Kalisti alisoma kadi mara mbili. Kisha akainama chini ya meza ya cherehani. "Na mota yangu iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Mwaka mzima nalala juu ya mota?"

Akaketi chini kwenye sakafu ya kibaraza, akacheka mpaka akapiga goti kwa kiganja. Ila jioni, wakila, alisema bila kumtazama, "Nilidhani nakutunza kwa vile vyakula."

"Ulinitunza. Sasa nitunze na matango."

Jumamosi iliyofuata alileta kapu la matango na mananasi mawili, akiwa na aibu kidogo mbele ya majirani, lakini alileta.

Aliyebaki kutoridhika ni mama yake Kalisti, Bibi Hosiana, aliyekuja kutoka Bukombe na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kumnusuru mkwewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane," alisema, akimwita mwanawe kwa Kisukuma. "Mbona mwanangu anakunyima chakula?"

Alikaa wiki mbili. Alimwona Justina anakula, anacheka, anainuka kitini bila kushika meza. Siku ya kuondoka alimshika bega, akalibonyeza kama anayepima embe. "Mifupa bado iko ndani," alisema. "Sawa."

Sasa ni karibu miaka miwili. Kilo kumi na tatu zimetoka. Justina si mwembamba na hana haja ya kuwa. Presha imetulia, ingawa Eunice bado anamwita kila mwezi.

Mwezi uliopita kwaya ilialikwa kwenye sherehe ya kigango kimoja cha mbali. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na lori likazama kwenye tope zikiwa zimebaki kilomita nne. Dereva alipoungurumisha injini mara ya mwisho bila lori kusogea, wanakwaya wakavua viatu, wakashuka. Justina alishuka pamoja nao. Walivuka mashamba ya mpunga, wakapanda kijilima kirefu, Salome akilalamika kila hatua na kumning'inia mkono. Justina hakufika wa kwanza. Alifika wa tisa, amelowa jasho, gauni lina tope hadi magotini. Watoto wa kigango walikuwa wamewaletea ndoo ya maji na kikombe kimoja. Alikunywa, akampa Salome, akamuuliza mwalimu wa kwaya, "Tunaanza na upi?"