Uso wa Tata Juu ya Keki

Keki za picha ndizo zilizonipa jina hapa Miembeni. Picha huchapwa kwa rangi za chakula kwenye karatasi ya mchele, jani jeupe, jembamba, lisilo na ladha. Unapaka keki shira kidogo, unailaza picha juu yake. Karatasi hiyohiyo naikata petali, naipitisha kwenye mvuke, inakuwa waridi ambalo wageni hulinusa wakidhani limechumwa. Nilijiona msanii kamili, na hapo ndipo nilipoacha kufikiri.

Mama alipotimiza miaka themanini tulifanya ibada ya shukrani nyumbani Izigo. Nikataka kumshangaza. Nilichukua picha ya marehemu baba, Tata kama tulivyomwita, ile ya kanzu na koti, nikaichapisha, ikafunika keki nzima. Ilitoka vizuri mno, hata mkunjo wa juu ya nyusi ulionekana. Wadogo zangu walipoiona walinyamaza, nami nikadhani wameipenda.

Mtu yeyote wa kwetu angejua kinachofuata, maana hatuna sherehe inayokwisha bila kukata keki na kulishana. Mimi, niliyeoka keki za sherehe ngapi sijui, sikukumbuka kwamba na hii italiwa.

Mshereheshaji akampa Mama kisu. Mama akakitazama, akamtazama mumewe, akanigeukia.

"Waitu, mwanangu, nikate wapi?"

Niliielewa ile sauti, na lile "waitu" la kusihi, sina cha kujitetea. Ningeweza kusema keki hii ni ya kutazama tu, watu wakacheka, tukaendelea na chakula. Lakini simu zilikuwa juu, vigelegele vimeshaanza, na nilitaka kazi yangu ionekane. Nikamshika mkono, tukakata kwenye bega la kanzu, nikamlisha. Mama si mtu wa kukataa chakula mbele ya wageni. Alitafuna taratibu, akameza, akanishukuru.

Wageni walipoondoka nilimkuta amekaa peke yake barazani, nikapiga magoti.

"Ma, nisamehe. Nilidhani utafurahi."

"Nilifurahi kumwona Tata yenu," alisema. "Nilitaka tu nikae naye kidogo kwanza, ndipo muikate."

Akapangusa mikono yake kwenye kitenge ingawa haikuwa na kitu. Kisha akauliza, "Uso wake ameula nani?"

"Sijui, Ma. Labda watoto."

"Basi," akasema. "Watoto hawajui."

Uso niliula mimi. Kipande kilibaki kwenye sinia, tulikuwa tunataka kuosha vyombo, nikakila nimesimama jikoni, nikijisifu moyoni kwamba rangi haikuchuja. Siku hizi mtu akiniletea picha ya marehemu namwambia mashine ni mbovu. Mama sijamwambia kitu. Bado anaamini ni wajukuu, na amekwisha kuwasamehe.