Nangila na Matope ya Rimu

Asubuhi ile Nangila aliamka kabla ya mumewe, kama siku zote. Akakuta kaa moja bado jekundu kwenye majivu ya jana, akalipuliza mpaka moto ukawaka. Chai ilipochemka alimwita Sifuna aje anywe kabla haijapoa. Akamwambia kola ya shati imekunjika upande mmoja, akaiweka sawa. Akalalamika kwamba kuku wake mweupe ameanza kutaga kwa jirani. Hakukuwa na jambo jingine. Sifuna amejaribu sana kukumbuka kama kulikuwa na jambo jingine, na halipo. Walikunywa chai na viazi vitamu, wakafunga mlango, wakaingia kwenye pikapu. Ilikuwa siku ya kliniki Bungoma. Hawakupata tena asubuhi kama ile, kwa sababu siku hiyo hospitalini walimlaza Nangila, na hakutoka.

Huko Kiminini, nje kidogo ya Kitale, watu walimwita Mama Maharagwe. Lakini jina lake mwenyewe lilikuwa la njia. Mama yake alishikwa na uchungu akiwa anaenda sokoni, akajifungua kando ya barabara, na kwa Wabukusu mtoto wa namna hiyo huitwa Nangila. Naye alilichukua jina kama ruhusa. Alinunua maharagwe Suam akauza Moi's Bridge, akanunua Moi's Bridge akauza Chwele. Nyumbani alikaa siku za mvua kubwa, na hata hizo alikaa akiangalia mlango.

Shule hakwenda. Sifuna naye hakwenda. Yeye aliendesha trekta ya watu mpaka nywele zikawa nyeupe. Lakini kwenye mizani hakuna aliyemdanganya Nangila, na yeye hakumdanganya mtu. Alikuwa na mizani ya sahani mbili, na kabla ya kila mteja alipanguza sahani zote mbili kwa pindo la leso. Wateja walimcheka, wakamuuliza anapanguza nini na sahani ni kavu. Alikuwa akiwajibu kwamba akipima na vumbi, atakuwa ameuza vumbi.

Sifuna alipoacha trekta walinunua pikapu kuukuu, na miaka kadhaa wakazunguka nayo na magunia yao. Yeye aliendesha, mkewe aliongea. Nangila alijua kila boma lililo kando ya barabara: huyu alijenga kwa vitunguu, yule bibi alimkimbia akarudi, hawa ng'ombe wao mmoja anapiga teke kama punda. Sifuna ni mtu wa kuitikia tu. Maneno ya wote wawili yalikuwa kwa Nangila.

Halafu ugonjwa ukamwingia kwenye mifupa ya mgongo. Daktari akasema awe anakwenda Bungoma kila mwezi kudungwa sindano. Hilo halikumtisha. Binti yao Jentrix anakaa huko huko Kibabii, na njia ni ndefu ya kutosha kuongea.

Kilichomshinda ni gari. Mwaka huo huo pikapu ilianza kutetemeka. Ukipita kasi ya sitini usukani ulianza kucheza, kisha kiti, kisha mgongo wa Nangila. Ukienda polepole safari inakuwa ndefu, na kukaa sana kunamuumiza vile vile. Hakulia. Kutoka Kamukuywa mpaka Bungoma alikaa ameshika mlango kwa mikono miwili, na maboma yakapita bila kusemwa. Mwezi wa tatu wa hali hiyo, wakiwa jikoni, alimwambia mumewe kwa sauti ya kawaida tu kwamba mwezi ujao hataenda.

Sifuna hakubishana. Aliosha pikapu mpaka ikang'aa, akaipeleka Kitale kwa watu wa tairi. Fundi wa kwanza hakuwa hata na mashine nzima ya kusawazisha magurudumu. Alizungusha gurudumu kwa mkono, akalitazama kwa jicho moja, akagonga vipande vya risasi vya kusawazisha uzito kwenye rimu ya chuma, akasema tayari. Halikuwa tayari. Duka la pili lilikuwa na mashine, nayo ilisoma sufuri pande zote, yaani hakuna upande uliozidi uzito. Sifuna hasomi, lakini sufuri anaijua. Alitoka na furaha. Kufika Kamukuywa, usukani ukaanza tena.

Akarudi. Wakafanya upya, sufuri tena, na kabla ya Kamukuywa ni yale yale. Mara ya tatu fundi aliyeitwa Kimutai alichoka kumwona. Alisema gari halina shida, barabara ndiyo mbaya. Sifuna akasema barabara ni lami. Ndipo Kimutai akasema, "Mzee, labda ni mikono yako inatetemeka, bana," na waliokuwa pale wakacheka.

Sifuna aligeuza pikapu. Alirudi nyumbani na neno hilo. Jioni alishika kikombe cha chai mbele ya macho, akakitazama bila kunywa. Chai ilicheza kidogo, au alidhani imecheza. Kama ni mikono, basi ni yeye anayemuumiza mkewe.

Nangila alikuwa amemtazama kutoka jikoni. Alimuuliza anatafuta nini ndani ya kikombe, akamkazania mpaka akasema. Aliposikia, hakucheka. Alisema kesho wanaenda wote.

Kesho yake walikwenda polepole, Nangila akiwa ameegemea mto. Dukani walimpa tairi kuukuu akakalia. Kimutai alifungua gurudumu la mbele, akalipachika kwenye mashine, akawasha. Likazunguka, likasimama, sufuri. Nangila alikuwa ameinama kidogo, anaangalia upande wa ndani wa rimu, ule usioonekana gari likiwa limesimama. Njia ya kwao ni ya udongo mweusi, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Bonge la matope makavu, ukubwa wa ngumi, lilikuwa limeshika mle ndani kama kiota cha nyigu.

"Kijana," akasema, "hiyo matope unapimia nani?"

"Matope gani, mama? Si unaona mashine inasoma sufuri."

"Inasoma sufuri na matope. Ikianguka huko mbele, utanifuata na sufuri yako mpaka Kamukuywa?"

Mwenye duka, Sachin, alikuwa kwenye kaunta na kalamu sikioni. Alitoka, akainama, akachungulia. Alivuta pumzi. Alimwambia Kimutai alete maji na brashi ya waya, na ang'oe vipande vyote vya zamani, aanze upya. Sifuna alisimama pale akijionea aibu mwenyewe. Kila mara alikuwa ameosha gari, na kila mara aliosha pale panapoonekana.

Gurudumu la kwanza lilipooshwa na kupimwa tena, mashine haikusoma sufuri hata karibu. Kimutai alitazama zile namba, akatazama chini. Magurudumu yote manne yalikuwa na matope. Aliyakwangua moja moja, na alipomaliza la mwisho Nangila akamwita asogee.

"Ulimwambia mzee wangu mikono yake inatetemeka. Mimi hiyo mikono imenishika miaka arobaini na sita. Haijawahi kutetemeka."

Mafundi waliangua kicheko, safari hii si cha kumcheka mzee. Sifuna aligeuka akajifanya anakaza nati iliyokwisha kukazwa. Kimutai alikuja kwake akasema pole, mzee, na Sifuna akasema haidhuru.

Kwa hiyo siku ya kliniki walitoka saa kumi na mbili, baada ya ile chai. Njia ya udongo ilikuwa imekauka. Kwenye lami Sifuna alikwenda hamsini, akangoja. Sitini, akangoja. Nangila aliweka kiganja juu ya dashibodi, kama anayepima homa ya mtoto. Walipita Kamukuywa kwa themanini na hakuna kilichotikisika. Akaondoa mkono, akaegemea, na kabla ya Kimilili alikuwa ameanza kuongea. Aliongea Kimilili yote. Chwele alionyesha mahali alipokuwa akiweka mizani yake. Kibabii alicheka kitu, na Sifuna leo hakumbuki ni kitu gani, na hilo linamsumbua.

Siku hiyo kadi yao ilipokewa saa nne. Nesi alimgombeza Sifuna mbele ya watu, akamuuliza ni mzee gani huyu wa kuchelewesha mgonjwa. Baada ya siku kumi na moja, kwenye matanga, Jentrix naye aliuliza, kwa upole, walikuwa wapi saa zile zote. Sifuna aliwanyamazia wote. Hawakuwa wamechelewa. Walifika saa mbili kasoro, mapema kuliko siku yoyote, na alikuwa amekwisha kuwasha taa ya kukunja kuingia langoni mwa hospitali, Nangila alipomshika mkono.

"Baba Jentrix," akasema, "geuza twende mpaka Chwele turudi. Hospitali haihami."